Maji moto ya Mugara na soksi za Mama

Tangu nirudi na Mama kutoka chemchemi za Mugara kule Burundi, haipiti wiki bila mtu kusimama kwenye kibanda changu cha vitenge pale soko la Mwanga, Kigoma, akaniuliza habari za maji moto. Mmoja ana baba mwenye magoti, mwingine ana mgongo, mwingine amesikia tu kwamba kuna maji yanatoka ardhini yamechemka na ukiyaoga unatoka mwepesi kama mtoto. Swali la kwanza huwa: yanaponya? La pili: nauli shilingi ngapi? Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama yanaunguza. Siwalaumu, maana na mimi sikuuliza.

Mama yangu ana miaka 68, anaishi Ujiji kwenye nyumba aliyoiacha marehemu baba. Kisukari alikutwa nacho mwaka 2011. Magoti yakafuata, au labda yalikuwepo siku zote ila alipokuwa anauza mawese hakuwa na nafasi ya kuyasikiliza. Asubuhi, kutoka kitandani mpaka uani ni safari nzima, anashika ukuta, anapumzika, anaendelea. Na kulikuwa na jambo jingine alilokuwa akilisema mara kwa mara, sisi tukalipita: "Wanangu, hii miguu naiona kama nimevaa soksi, na soksi sijavaa." Tulicheka. Mdogo wangu akamwambia labda anavalishwa na majini usiku. Mama naye akacheka.

Habari ya Mugara ililetwa na mama mmoja wa Rumonge, Burundi, ambaye hunivushia vitenge. Siku hiyo alimkuta Mama kibandani, akamwona anavyoinuka kwenye kigoda. Akaniambia, "Dada, mlete mama kwetu Mugara. Siku tatu tu anaoga yale maji, utaniambia." Nikamwuliza yakoje. Akasema, "Ya moto." Basi, mazungumzo yakaishia hapo, tukarudi kwenye bei ya vitenge.

Hapa lazima nieleze kwa nini neno hilo moja lilinitosha. Mwaka 2019 nilikwenda harusini Moshi, na siku ya pili vijana wakatupeleka Chemka, kule wilaya ya Hai, unaingilia Boma Ng'ombe. Kila mtu anapaita maji moto. Maji ni safi mpaka unahesabu vidole vyako vya miguu chini, kuna kamba ya kurukia, kuna visamaki vinakugonga gonga nyayo. Lakini moto? Hakuna moto. Ni maji ya uvuguvugu, na ukikaa kivulini unatetemeka. Nikaondoka na imani kwamba "maji moto" ni jina tu la kuvutia wageni. Imani hiyo nilitembea nayo miaka minne kabla haijanilipa.

Na Kiswahili chetu hakitusaidii hapo. Maji ya kumwogeshea mtoto mchanga tunayaita maji moto. Maji ya kusongea ugali nayo ni maji moto. Chemka ni maji moto, na kule Songwe, Mbeya, yanakofika nyuzi 80 hivi, napo ni maji moto. Ndani ya hifadhi ya Manyara kuna mahali panaitwa Maji Moto, na yale yanakaribia nyuzi 60. Bogoria, Kenya, watu wanachemshia mayai. Jina ni moja, na linaweza kumaanisha raha au wodi. Leo mtu akiniambia mahali fulani kuna maji moto namwuliza: ya moto kama nini? Kama chai? Kama ya kuogea? Mtu anayaingia mzima mzima au anachota?

Tulisafiri Agosti 2023, kiangazi, barabara kavu. Maandalizi sitayarefusha. Mimi nilikuwa na pasipoti tayari, ilinigharimu 150,000. Mama hakuwa nayo, tukamwombea hati ya dharura ya kusafiria Uhamiaji, kwa kitambulisho chake cha NIDA. Wengi wa mipakani tumezoea kusema "Burundi ni hapo tu" na kuvuka kienyeji kwa jamaa. Ukiwa na mtu mzima mgonjwa usifanye hivyo, kwa sababu siku likitokea jambo utahitaji karatasi inayoonyesha uliingia kwa halali. Halafu kuna kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mama aliipata yake zamani, na ndani imeandikwa miaka kumi, nikadhani imekwisha. Haijaisha: tangu 2016 Shirika la Afya Duniani lilishasema chanjo hiyo moja inamtosha mtu maisha yake yote. Nilitaka kumchoma tena bure.

Kitu ambacho sikukiandaa ni kumwuliza daktari wake wa kisukari. Kliniki yake ilikuwa Jumanne, sisi tukaondoka Jumatatu. Nilijiambia tutaenda tukirudi.

Tulipanda mchomoko, ile teksi ya kuchangia, saa kumi na mbili asubuhi kwenda Manyovu. Lami nzuri, Mama mbele, mimi nyuma na abiria wengine watatu na kuku. Mpakani upande wa pili ni Mugina. Ukishavuka, mambo mawili yanageuka: magari yanashika mkono wa kulia, na saa zinarudi nyuma saa moja. La kwanza utaliona mwenyewe ukitaka kuvuka barabara ukaangalia upande usio. La pili halionekani, na lilikuja kutugharimu. Pikipiki za abiria, hizi bodaboda zetu, kule wanaziita moto. Mama alipoambiwa "panda moto" alinishika mkono, akauliza kama nimemleta kuchomwa. Tukacheka mpaka dereva akacheka. Nikikumbuka kicheko kile siku hizi hakinifurahishi.

Petroli kwa wenzetu imekuwa ya shida miaka hii ya karibuni, kwa hiyo gari la kushuka Nyanza-Lac tulilisubiri zaidi ya saa mbili. Panga safari yako ukijua hivyo. Usiseme nitaenda na kurudi siku moja. Kutoka Nyanza-Lac kwenda Rumonge barabara inafuata ziwa, mkono wa kushoto Tanganyika, mkono wa kulia michikichi na milima. Mama alikaa dirishani akihesabu michikichi na kuikosoa, kwamba hii imepandwa karibu karibu, ile haijapogolewa. Rumonge wenyewe Kiswahili wanakiongea vizuri, adhana unaisikia, unaweza kusahau umevuka mpaka. Tulifikia nyumba ya wageni karibu na soko, kwa bei ambayo sikuona ubaya wake. Faranga nilibadilisha kwa mtu wa kwanza niliyemkuta, nikapunjwa. Uliza kwa watu watatu kabla hujatoa noti.

Kwa nini maji yanatoka ya moto mahali ambapo hakuna mlima unaotoa moshi? Nililiuliza hilo baadaye kwa mwalimu wa jiografia aliyekuwa anachagua kitenge cha mkewe. Ziwa letu limekaa kwenye ufa. Bonde la Ufa la magharibi ndilo hili, ardhi imepasuka na inaendelea kuachana polepole, ndiyo maana ziwa lina kina cha mita 1,470 mahali penye kina kuliko pote, na ndiyo maana Desemba 2005 tulikimbia nje ya nyumba sote tulipotikiswa. Maji ya mvua yanapenya kwenye nyufa za milima, yanashuka chini sana. Kila kilomita moja unayoshuka ardhini, joto linaongezeka kwa nyuzi 25 hadi 30, na palipopasuka hata zaidi. Yakishapata moto yanatafuta ufa mwingine wa kupandia. Kwa hiyo pale yanapochomoza ndipo yalipo makali, na kadiri yanavyotiririka na kukutana na hewa na maji mengine ndivyo yanavyopoa. Chemchemi hiyo hiyo, hatua ishirini mbali, ni maji mengine kabisa. Mimi hilo sikulijua, na ndilo lililotuunguza.

Siku ya kwanza Mugara ilikwenda vizuri mno. Tulifika asubuhi, watu wachache, wanawake upande wao wamejifunga vitenge, wengine wanafua kidogo pembeni, watoto wanachezea mfereji. Nilimsaidia Mama akakaa kwenye maji ya kiunoni, yaliyopoa kiasi, akafumba macho. Sijamwona Mama na uso ule tangu baba afariki. Alikaa kimya, kisha akasema, "Mungu fundi." Mimi nilikaa humo kama dakika arobaini bila kunywa maji, nikainuka kwa haraka, dunia ikazunguka, nikaanguka kwa magoti kwenye jiwe. Mama mmoja alinishika kwapa akanikalisha. Joto linatanua mishipa ya damu, presha inashuka, na ukiinuka ghafla damu inachelewa kufika kichwani. Wenye presha na wajawazito ndio wa kuogopa zaidi. Dakika kumi hadi kumi na tano zinatosha, unatoka, unakunywa maji ya kunywa (siyo ya chemchemi), unapumzika, ukitaka unarudi. Na kandambili usivue, mawe yale yana utelezi wa kijani.

Mama usiku ule alilala bila kujigeuza geuza. Asubuhi alikwenda chooni bila kushika ukuta. Nilimpigia simu kaka yangu wa Tabora kumsimulia. Nilisema maneno mengi.

Siku ya pili nikawa hodari. Watu walikuwa wengi, bwawa limejaa, Mama akasema leo magoti yako sawa, anataka kuweka miguu tu. Juu kidogo, yanapotokea maji, kulikuwa na kijishimo kama beseni kati ya mawe, na jiwe bapa la kukalia. Hakuna mtu. Nilipaswa kujiuliza kwa nini hakuna mtu. Nikamkalisha pale, akatumbukiza miguu, nikamwuliza, "Mama, si ya moto sana?" Akasema, "Wala. Mazuri tu." Nikashuka kwenda kuoga.

Mzee mmoja anayekaa pale alipita akatupungia mkono akisema kwa Kirundi, "Amazi arashushe cane!" Mimi ni Mmanyema wa Ujiji, Kirundi nakiokota okota tu sokoni. Amazi nililijua, arashushe nililijua: maji ni ya moto. Nikamjibu nikicheka, "Eeh mzee, ndicho tulichofuata!" Lile neno la mwisho, cane, maana yake "sana". Na alilitilia mkazo. Nimelisikia tena mara nyingi kichwani.

Mama alikaa pale kama dakika ishirini na tano. Nilipokwenda kumchukua miguu ilionekana kawaida, labda inang'aa kidogo. Ngozi nyeusi haikimbilii kutoa taarifa. Nikamkausha kwa kanga, na kwa kuwa kulikuwa na upepo wa ziwani nikamvika soksi za sufu, zile za kweli. Tukala migebuka ya kuchoma Rumonge, tukatembea sokoni, akachagua sabuni za mawese.

Saa tatu usiku, kwa saa zao, nilipiga magoti kumvua soksi. Ya kulia ilikuwa na majimaji, nikadhani amekanyaga maji bafuni. Ilikuwa haivuki vizuri. Nikaivuta, na ngozi ya juu ya mguu ikaja nayo, nyepesi kama utando wa juu ya maziwa, na chini yake nyama ya waridi inayong'aa. Mguu wa kushoto ulikuwa na lengelenge moja kubwa kutoka vidoleni mpaka katikati. Nilipiga kelele. Mama akainama kutazama, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hiyo nini?"

Hakuwa anasikia kitu.

Mwenye nyumba alikuja na kichupa cha mawese. Mgeni wa chumba cha pili akasema dawa ya meno ndiyo inayotoa moto. Tukapaka mawese. Nami kwa kuchanganyikiwa nikalitoboa lile lengelenge kwa pini niliyoichoma kwa kiberiti. Yote hayo ni makosa, nayaandika kama yalivyo ili usiyarudie. Mtu akiungua, mwagia sehemu hiyo maji ya kawaida yanayotiririka, ya bombani au ya kata kwa kata, kwa dakika 20. Hata kama zimepita saa mbili tatu bado inasaidia. Barafu usiweke. Mafuta, asali, dawa ya meno, unga, usiweke. Lengelenge liache, ni bandeji aliyoileta Mungu. Funika kwa kitambaa safi au nailoni safi, nenda kwa mganga mwenye cheti.

Kurudi kulikuwa kesho yake, na hapo saa ndipo zilipotugharimu. Dereva wetu wa mchomoko tulimwambia kwa simu atusubiri Manyovu saa kumi jioni. Saa yangu ya mkononi ilikuwa bado ya Burundi. Tulivuka saa kumi juu ya alama kwa saa yangu, nikijisifu moyoni, kumbe Manyovu ni saa kumi na moja, na dereva ameshasubiri, amekata tamaa na kupakia wengine. Tulikaa pale na Mama miguu juu ya begi mpaka giza likaingia. Ukivuka, mwambie mtu "saa kumi ya Tanzania", ulitaje hilo neno Tanzania.

Mahali pa kwanza tulipompeleka, ambapo sitapataja, tuliambiwa ni malengelenge tu, tukapewa krimu. Wiki nzima ikapotea. Siku ya nane vidole viwili vya mguu wa kushoto vikaanza kunuka. Ndipo tukaenda hospitali, na huko tukakutana na daktari kijana ambaye kwanza hakukigusa kidonda. Alitoa kitu kama uzi mnene wa nailoni kwenye kishikio, kama uzi wa kuvulia samaki. Akamwambia Mama afumbe macho, na kila atakaposikia ameguswa aseme ndiyo. Akaanza kugusa nyayo, sehemu zisizo na kidonda. Unyayo wa gumba, katikati, chini ya kidole kidogo. Uzi unajipinda, Mama kimya. Alipofika sehemu ya saba Mama akauliza, macho bado ameyafumba, "Daktari, bado hujaanza?"

Nikatoka nje, nikalia kwenye korido.

Zile soksi alizokuwa anazisema, kumbe ndizo hizo. Sukari ikikaa juu miaka mingi inaharibu mishipa ya fahamu, na huanzia mbali, vidoleni, inapanda taratibu kama mtu anayevaa soksi. Daktari alisema wagonjwa wengi hutumia maneno hayo hayo. Alitueleza na jambo la muda. Maji ya nyuzi 60 yanamuunguza mtu mzima kwa sekunde tano hivi, na mwenye miguu mizima atayakimbia kabla. Maji ya nyuzi 49 yanahitaji kama dakika kumi, na wengi watatoa mguu mapema kwa sababu yanauma. Mama alikaa ishirini na tano kwa sababu hakuna kilichomwambia atoe. Swali nililomwuliza, "si ya moto sana?", nilikuwa namwuliza mtu pekee pale ambaye hawezi kujua.

Kusafisha vidonda kulichukua miezi mitatu na siku kadhaa. Safari nzima kwa watu wawili ilinila kama 310,000. Vidonda vilinila zaidi ya 700,000, kwa kuwa Mama hakuwa na bima, bila kuhesabu siku nilizofunga kibanda. Kuna wiki walizungumzia kukata kidole, kisha Mungu akasaidia. Kaka yangu wa Tabora aliandika kwenye kundi letu la familia: "Ulimpeleka kumpikia?" Alifuta baada ya dakika moja, lakini nilishaisoma. Hatukuongea mpaka Idi. Mama ndiye aliyetupatanisha, akasema miguu ni yake na yeye ndiye aliyeitumbukiza.

Sasa wanaonijia kibandani nawajibu hivi. Kama mzazi wako ana kisukari, kwanza mpeleke akaguswe na ule uzi. Ni dakika tano. Akikosa kusikia, miguu yake haiingii maji yoyote ambayo mtu mwingine hajayapima, hata beseni la nyumbani, na hata sasa mimi napima la Mama kwa kiwiko, siyo kwa kiganja, kwa sababu viganja vyetu vya jikoni vimeshakuwa sugu. Kama anachoma insulini, mwulizeni daktari kabisa kuhusu joto, maana joto linaifanya insulini iingie mwilini haraka na sukari inaweza kushuka. Mwenye kidonda asiingie. Kichwa usizamishe, na watoto wasicheze kupigana maji puani: kwenye maji ya uvuguvugu yasiyo na dawa kuna kijidudu kinachopitia puani kwenda kwenye ubongo, ni nadra sana kumpata mtu, lakini kikimpata wanaopona ni wachache mno. Vito vya fedha na mikufu viache nyumbani, maji yenye kiberiti (salfa) hugeuza madini ya fedha kuwa meusi. Rafiki yangu aliiharibu pete yake ya ndoa hivyo huko Amboni, Tanga, na akalazimika kumweleza mume. Na ukiona mahali pazuri hapana mtu ilhali kwingine kumejaa, waulize wenyeji kwa lugha yao, na usikilize mpaka neno la mwisho.

Kama yanaponya? Magoti ya Mama yalipata nafuu siku zile, hilo nililiona kwa macho yangu na sitalikana. Joto linalegeza misuli na viungo, hata daktari hakubisha. Ile nafuu ilidumu siku nne tano, kisha magoti yakarudi kuwa magoti.

Julai 2025 Mama alianza mwenyewe. "Hivi yule mzee wa Mugara bado yupo?" Nilikataa. Akaendelea kuuliza, kila Ijumaa baada ya swala, mpaka nikashindwa. Safari hii tulianza na kliniki. Nilinunua kipimajoto cha maji, kile cha kuogeshea watoto, chenye umbo la bata. Saa niliiacha ya Tanzania.

Mzee yupo. Nilimsalimia, "Amahoro," nikamwonyesha miguu ya Mama, ile ngozi mpya yenye rangi ya chai ya maziwa, akaitazama muda mrefu akatikisa kichwa. Hakusema nilikuambia, ingawa alikuwa na haki. Akaniletea ndoo. Nikachota pale pale juu, ndoo nikaiweka chini ya mti, nikatumbukiza yule bata. Tukakaa tunamtazama. Wanawake wawili walikuja kuuliza ni mchezo gani. Tulisubiri, nikaongeza maji baridi kwa kikombe, nikakoroga, nikasubiri tena. Iliposoma 38 nikampa Mama kata.

Alikaa kwenye jiwe, kandambili miguuni, kitenge kimekunjwa juu ya mapaja, akawa anajimwagia magotini polepole, kata moja kulia, kata moja kushoto. Maji yakiteremkia kwenye nyayo anauliza, "Yamefika?" Nami naangalia, namwambia, "Yamefika, Mama."